Nusu ya Historia ya Difu

Endesha gari dogo kuzunguka kipilefti, duara moja kamili. Utakapomaliza, gurudumu la nje litakuwa limekwenda mbali kuliko la ndani kwa karibu mita 9. Hesabu yake ni nyepesi. Chukua upana kati ya magurudumu mawili, tuseme mita 1.4, zidisha mara mbili, kisha mara 3.14. Jibu ni mita 8.8. La kushangaza ni kwamba kipilefti kikiwa kidogo kama cha mtaani au kikubwa kama uwanja wa mpira, jibu halibadiliki. Sasa, kama magurudumu mawili ya nyuma yangefungwa kwenye chuma kimoja yazunguke pamoja, mita hizo 8.8 zingetoka wapi? Zingetoka kwenye tairi, likiburuzwa juu ya lami, au kwenye chuma chenyewe, kikisokotwa kila kona hadi siku kinapovunjika.

Kifaa kinacholipa deni hilo ni difu. Ukisimama nyuma ya lori utaona bonge la chuma katikati ya ekseli: humo ndimo inamokaa. Wengi wetu tuliolelewa London tulilisikia neno hilo nyumbani kabla ya kulisoma popote. Baba, ami au mjomba alikuwa kwenye simu na ndugu wa Mombasa au Mwanza, na habari ilikuwa ya gari lililoharibika difu na fedha zinazotakiwa. Katika vitabu vyetu vya darasani, ambamo tunajifunza majina ya matunda, ya ngeli na ya wafalme, neno hilo hatukulikuta.

Katika makala hii tunataka kutetea hoja moja. Historia ya difu kama inavyosimuliwa kwa kawaida ni historia ya waliobuni, na hiyo ni nusu yake tu. Nusu ya pili ni ya wale wanaoifungua, kuiunda upya na kuipanga, kwa sababu difu si kitu cha kununua na kufunga tu. Lazima mtu aipange kwa mkono wake. Na sehemu kubwa ya nusu hiyo ya pili, kwa watu wa kwetu, imo katika Kiswahili.

Saa, mvuke na magurudumu matatu

Difu haikuzaliwa kwenye gari. Saa ya jua na saa ya ukutani hazikubaliani mwaka mzima: mwanzoni mwa Novemba jua huitangulia saa kwa dakika 16 hivi, na katikati ya Februari hubaki nyuma yake kwa dakika 14. Mwaka 1720 fundi saa wa London, Joseph Williamson, alitumia gia za namna ya difu ndani ya saa ili kushughulikia tofauti hiyo. Gia zake zilipokea miendo miwili na kutoa mmoja ambao ni jumla yao. Kwa hiyo mwanzo wa difu ni hesabu ya kujumlisha, na hesabu hiyo ilifanywa katika mji huu tunaosomea.

Gari linahitaji hesabu hiyohiyo, ila kinyume: mwendo mmoja unaingia, miwili inatoka. Aliyeliona hilo kwa ajili ya gari la mvuke ni Mfaransa Onésiphore Pecqueur wa Conservatoire des Arts et Métiers mjini Paris, na hataza yake ni ya mwishoni mwa miaka ya 1820. Mwaka 1832 Richard Roberts wa Manchester alipata hataza ya gia kama hiyo Uingereza. Katika miaka ya 1870 kampuni ya Aveling and Porter ya Rochester, Kent, si mbali na London, ilikuwa ikifunga difu kwenye mtambo wake wa mvuke.

Hadithi inayopendwa zaidi ni ya James Starley wa Coventry. Mwaka 1877 alikuwa na baiskeli ya magurudumu matatu ya watu wawili wanaokaa bega kwa bega, kila mmoja akisukuma gurudumu la upande wake. Inasimuliwa kwamba alipoipanda pamoja na mwanawe, kijana alikanyaga kwa nguvu kuliko mzee, baiskeli ikapinda njia na kuwatupa kwenye upupu wa kando ya barabara. Starley akaketi kutafuta namna ya kuunganisha magurudumu mawili bila kuyalazimisha yaende sawa. Karl Benz alipounda gari lake la petroli mwaka 1885, difu ilikuwa tayari, naye akaitumia.

Hapo ndipo vitabu vingi hufunga hadithi. Lakini gari la injini mbele na magurudumu ya nyuma yanayosukuma lilileta shida ambayo Starley hakuwa nayo. Mwendo unatoka kwenye injini kwa urefu wa gari, nao unapaswa kugeuzwa pembe mraba ili uende kushoto na kulia. Kazi hiyo hufanywa na gia mbili: pinioni, ndogo, iliyoungwa na propela, na krauni, kubwa, inayozungushwa na pinioni. Ndani ya krauni ndimo zilimo gia ndogo zinazogawa mwendo kwa magurudumu mawili. Katika Land Rover za zamani pinioni ina meno 10 na krauni 47. Propela ikizunguka mara 4.7, gurudumu linazunguka mara moja.

Krauni na pinioni hutengenezwa pamoja, husuguliwa pamoja mpaka meno yazoeane, kisha huandikwa namba moja. Ni chanda na pete. Ukichukua krauni ya difu hii na pinioni ya difu ile, hata kama zote ni mpya na za kiwanda kimoja, zitalia barabarani na kulana. Na hata zikiwa jozi halali, zinapaswa kukutana mahali pamoja tu, kwa kipimo cha sehemu ndogo sana za milimita. Hakuna kiwanda kilichoweza kumimina maganda ya chuma yanayofanana kwa kipimo hicho. Basi kila difu ilibidi ipimwe na kupangwa peke yake kwa kutia vibati vyembamba viitwavyo shimu. Aliyebuni alimaliza kazi yake mara moja. Anayepanga huianza upya kila difu inapofunguliwa.

Kutoka kichwani kwa mpagazi

Afrika Mashariki, difu ilikuja kuchukua nafasi ya kichwa na mabega ya binadamu. Mbung'o waliua ng'ombe, farasi na punda katika sehemu kubwa za bara, kwa hiyo mizigo ilibebwa na wapagazi. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Kisumu mwaka 1901, lakini nje ya njia ya reli mzigo uliendelea kuwa wa mtu. Katika Vita Vikuu vya Kwanza, wapagazi wa Carrier Corps walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi. Jina la kikosi chao limebaki katika Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi, na leo watu hununua nyanya na nguo hapo bila kukumbuka mizigo hiyo.

Lori zilipoenea baada ya vita, gereji nyingi za mijini zilikuwa mikononi mwa Wazungu na Wahindi. Mwafrika aliingia kwa mlango wa chini. Gereji alikuwa spanaboi, mtu wa kupokeza spana. Kwenye lori alikuwa taniboi, ambaye Watanzania humwita utingo: hupakia, huweka kigingi nyuma ya tairi mlimani, hulala juu ya mzigo. Hakuna aliyemfundisha difu darasani. Aliijua kwa kumshikia mwenye kazi taa. Vita Vikuu vya Pili vya 1939 hadi 1945 viliongeza kasi, kwa kuwa jeshi lilihitaji madereva na mafundi kwa wingi na likawafunza vijana wa Kiafrika. Waliporudi kwao walirudi na ujuzi ambao hapo kwanza walikuwa wakiutazama kwa mbali.

Mfano unaojulikana kuliko wote wa mtoto wa gereji ni Joginder Singh, Mkenya mwenye asili ya Punjab, ambaye mashabiki walimpa jina Simba wa Barabara. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, maelfu ya kilomita za vumbi na tope. Joginder alikulia kwenye gereji ya baba yake. Mwaka 1965 alishinda kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika, ambayo aliiunda upya Nairobi, akiwa na ndugu yake Jaswant kitini kando yake. Alishinda tena mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Alifariki hapa London mwaka 2013. Picha zake maarufu ni za usukani, lakini ushindi wa 1965 ulianzia kwenye spana.

Mwaka huohuo wa 1965 lilikuja jaribio kubwa zaidi. Tarehe 11 Novemba serikali ya Wazungu wachache ya Rhodesia ilijitangazia uhuru. Zambia, iliyokuwa ikipata mafuta yake kupitia kusini, ilikatiwa njia. Mafuta yakaanza kubebwa kwa lori, pipa juu ya pipa, kutoka Dar es Salaam hadi Zambia, kwenye barabara ambayo sehemu kubwa ilikuwa ya udongo. Madereva wa Kiingereza waliiita Njia ya Jehanamu.

Anayejua difu anaelewa kwa nini. Difu ina udhaifu uliozaliwa nayo: huupeleka mwendo upande unaokataa kidogo. Gurudumu moja likiwa topeni, ndilo litakalozunguka bure, na la pili lililo pakavu litasimama kimya. Dereva anaongeza mafuta, gurudumu linazunguka kwa kasi, halafu ghafla linagusa jiwe na kushika. Pigo lote la injini na la tani za mzigo linaishia kwenye meno machache. Difu ikivunjika hapo, kilomita mamia kutoka mjini, inaundwa hapohapo kando ya barabara au mzigo hauendi.

Miaka ya uhaba

Kufikia mwaka 1974 bei ya mafuta duniani ilikuwa imepanda karibu mara nne. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983. Mwaka 1978 na 1979 Tanzania ilipigana vita na majeshi ya Idi Amin, na mwaka 1979 mafuta yakapanda bei tena. Fedha za kigeni zilipokauka, vipuri vilikauka pia. Lori na mabasi yalisimama kwa kukosa beringi moja au sili moja. Hali ilianza kulegea mwaka 1984, serikali ya Tanzania iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa.

Kenya haikubanwa kwa kiasi hicho, lakini nako vipuri vipya vilikuwa vya wenye uwezo. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kuhusu Kenya iliyoufanya ulimwengu wa wachumi uwatazame watu waliokuwa wakifanya kazi nje ya viwanda na ofisi. Ripoti iliwaita kwa jina la kitaalamu. Wenyewe walikuwa na jina lao, la mahali wanapofanyia kazi: jua kali. Mtaa wa Grogan, ambao sasa ni Kirinyaga Road, ukawa mahali ambapo gari lililokufa huvunjwa ili mengine kumi yaishi. Katikati ya miaka ya 1980 Rais Moi aliwatembelea mafundi wa jua kali wa Nairobi na kuagiza wajengewe mabanda.

Miaka hiyohiyo serikali zilikuwa na ndoto ya kuunda gari zima. Kibaha, jeshi la Tanzania lilishughulikia gari la Nyumbu. Kenya, Moi alikipa changamoto Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1986, na mwaka 1990 gari la Nyayo likaonyeshwa hadharani. Magari machache ya majaribio yalitengenezwa. Halikufika sokoni. Hatuyasemi haya kuwacheka, maana waliothubutu ni wachache. Tunayasema kwa sababu ya kile kinachokumbukwa. Gari la Nyayo lina picha, tarehe na hotuba. Maelfu ya difu zilizoundwa upya chini ya miti na mabati, zilizobeba mahindi, wagonjwa na wanafunzi kila siku ya miaka hiyo, hazina hata picha moja tunayoijua.

Juu ya meza, Woolwich

Mjomba wa mmoja wetu alijifunza kazi Gerezani, Dar es Salaam, mwanzoni mwa miaka ya 1980. London ameendesha basi kwa miaka mingi, na nyuma ya nyumba yake Woolwich ana banda na Land Rover fupi ya Series III. Majira ya baridi yaliyopita aliamua kuiunda upya difu ya nyuma, iliyokuwa ikilia. Tulimwomba tutazame na kuandika, kwa sababu tulitaka kuiona nusu ya pili ya historia ikifanyika.

Land Rover fupi ina wema mmoja. Ukishamwaga mafuta, ukachomoa shafti za magurudumu na kufungua propela, difu hutoka nzima na kuwekwa mezani. Katika Land Rover ndefu ya aina hiyohiyo, difu ya nyuma ni ya Salisbury, na hiyo hupangwa ndani ya ekseli yake.

Kabla ya kufungua chochote alitia alama kwa tindo kwenye kofia mbili za beringi: nukta moja kushoto, mbili kulia. Kofia hizo zilichongwa zikiwa mahali pake, na zikibadilishana upande, duara la beringi halikai sawa tena. Kisha akaondoa krauni, pinioni na beringi zote, akaosha kila kitu kwa mafuta ya taa na kuvipanga juu ya gazeti kwa utaratibu vilivyotoka.

Alifunga beringi mpya na kuanza na pinioni. Shimu zilizo nyuma ya beringi yake ndizo zinazoamua ni kiasi gani inaisogelea krauni. Shimu nyingine huamua mkazo, yaani beringi zibanwe kiasi gani. Zikilegea, pinioni itayumba. Zikibanwa mno, zitaungua. Kupima mkazo alizungusha uzi kwenye flenji ya pinioni, akafunga ncha yake kwenye mizani ya kupimia samaki na kuvuta polepole. Namba inayosomwa ni ile ya kuendeleza mzunguko, si ya kuuanzisha. Sili ya mafuta huwekwa mwisho, kwa kuwa inabana shafti na ingedanganya mizani.

Kisha krauni. Huiegemeza kati ya nati mbili pana zenye makato, moja kila upande. Ukilegeza ya kushoto na kukaza ya kulia, krauni inasogea. Hapo linapimwa lile wanaloliita plei, nafasi ndogo inayoyafanya meno yacheze kabla ya kugusana. Alilenga milimita 0.2 hadi 0.25, unene wa karatasi mbili hivi za kuandikia. Pasipo nafasi hiyo, chuma kikipata moto na kutanuka meno yatakwama. Ikizidi, kila ukikanyaga mafuta yatagongana. Alipima mahali panne kwenye duara, kwa sababu krauni iliyokaa upande hutoa jibu tofauti kila mahali. Siku hizi ana geji yenye mshale. Gerezani, alisema, walipitisha waya laini wa kulehemu katikati ya meno, wakauzungusha usagike, kisha wakapima ulivyobaki.

Mwisho alichanganya rangi ya mafuta ya manjano, akaipaka kwenye meno machache ya krauni, akazungusha pinioni huku mmoja wetu akiizuia krauni kwa kipande cha ubao.

"Mjomba, utajuaje kama imekaa mahali pake?"

"Mjomba, meno yenyewe yatasema," alijibu, maana mjomba na mpwa huitana hivyo pande zote mbili. "Kazi yako wewe ni kusoma tu."

Na kweli ni kusoma. Pale meno yanapogusana rangi hukwanguka na kuacha umbo kama jani dogo. Jani likiwa karibu na ncha ya jino, pinioni iko mbali, ongeza shimu. Likiwa chini karibu na shina, pinioni imesogea mno, punguza. Likielekea mwisho mwembamba wa jino, upande wa katikati ya krauni, krauni imekaribia mno. Likielekea mwisho mpana wa nje, iko mbali. Linapotakiwa kukaa ni katikati, bila kugusa ukingo wowote. Lakini ukibadilisha shimu moja, vipimo vyote vinarudiwa: mkazo, plei, rangi. Alifunga na kufungua mara 4, Jumamosi na Jumapili.

Tukiwa tunangoja chai tulimuuliza miaka ya uhaba walipata wapi shimu. Walikata makopo. Bati la kopo la maziwa lina unene wa karibu milimita 0.2. Walilisugua kwa msasa juu ya kipande cha kioo, maana kioo kimenyooka, mpaka likafika unene uliotakiwa. Na jino lililovunjika walilijaza kwa kulehemu na kulichonga kwa tupa, jino jirani likiwa kielelezo. Tuliuliza kama lilidumu. Alicheka. Lilikuwa la kufika nyumbani, alisema, na wakati ule kufika nyumbani kulitosha.

Tunaliandika hili si kwa kusifu umaskini. Hakuna fundi aliyependelea kopo kuliko shimu halisi. Tunaliandika kwa sababu ni elimu. Mtu aliyekata shimu kwenye kopo ilimbidi ajue kwa nini difu inataka shimu na kwa unene gani. Ufundi wake ulikuwa ni kuelewa, hata kama hakuna cheti kinachosema hivyo.

Maneno yaliyobaki mezani

Kwa sisi wa chama cha Kiswahili kuna jambo jingine. Sikiliza sentensi moja ya gereji na utasikia historia yote ya pwani. Gari ni neno la Kihindi. Parafujo lililetwa na Wareno. Nyundo ni letu la Kibantu. Spana, beringi na difu ni Kiingereza kilichovalishwa kanzu. Kisha Kiswahili kinafanya kazi yake: difu inalia, difu inakula meno, difu imekufa, beringi imeshikwa, gia inacheza. Mashine inasemwa kama kiumbe, na kila kitenzi kina maana yake halisi ya ufundi. Difu inayolia na difu inayogonga ni magonjwa mawili tofauti, na fundi anayesikia kitenzi kwenye simu huanza kupima kabla ya kuliona gari.

Sisi tunaojifunza lugha ya wazazi wetu ukubwani tumezoea kuambiwa kwamba Kiswahili chetu cha nyumbani ni pungufu, na kwamba kilicho kamili kiko vitabuni. Mara nyingi ni kweli, na walimu wetu wana haki ya kutusahihisha upatanisho wa kisarufi. Lakini kwenye meza ile ya Woolwich hali iligeuka. Tulikuwa na sarufi na hatukuwa na maneno. Mjomba alikuwa na Kiswahili cha kisayansi kamili, chenye vipimo, sababu na matokeo, na hakuna mtu aliyewahi kumwomba akiandike.

Muda si mrefu. Tangu tarehe 29 Agosti 2023 London yote imo ndani ya eneo la kutozwa ada kwa magari yanayochafua hewa. Gari la zamani kama lile la mjomba limesamehewa kwa sababu limepita miaka 40 na kuandikishwa kuwa la kihistoria. Mengine mengi ya zamani yameuzwa au kuvunjwa. Magari ya umeme yanaongezeka, na mtu anaweza kudhani kwamba difu inakwenda zake pamoja na injini. Si hivyo. Gari la umeme lenye mota moja kwa ekseli bado lina difu, kwa sababu kona bado ni kona na zile mita 8.8 bado zinadaiwa. Kinachopotea ni tabia ya kuifungua. Difu za sasa nyingi huja zimefungwa pamoja na mota na gia, na zikiharibika hutolewa zima na kuwekwa nyingine.

Kwa hiyo tuna pendekezo kwa chama. Muhula ujao tuanze faharasa ya maneno ya kazi, tukianza na gereji, kisha jiko, cherehani na mashua. Kila mwanachama amhoji mtu mzima mmoja anayemfahamu, amrekodi kwa ridhaa yake, na aandike maneno pamoja na sentensi ambamo yalitumika. Walimu watusaidie kuyapanga kwa ngeli. Baadhi ya wazee watasema hawana la kusimulia. Msibishane nao. Waulizeni tu: difu ikilia ukikanyaga mafuta, na ikanyamaza ukiachia, tatizo liko wapi? Kisha washeni kinasa sauti.